Maji ya Ndoo ya Haidroponiki: Lini Umwage, Lini Uongeze Tu

Tangu tulipoanza kuzungumzia kilimo cha mboga bila udongo kwenye ndoo, swali linalonifikia kuliko yote siyo la mbegu wala la mbolea. Ni la maji. Mtu ana ndoo zake nane au kumi nyuma ya nyumba, nyanya zimeshika, kisha anauliza: haya maji nibadilishe kila wiki kama wanavyosema, au niongeze tu yanapopungua? Na kwa hapa Kibimba swali hilo lina uzito wake. Mwezi wa saba na wa nane maji ya mtungi yanafuatwa mbali, yanapanda kilima kichwani au kwenye baiskeli. Ndoo 10 zenye lita 16 kila moja ni lita 160, yaani madumu manane ya lita 20. Ukimwambia mama amwage madumu manane kila Jumamosi halafu ashuke tena chemchemi, atakusikiliza kwa heshima na hatafanya. Na atakuwa na haki.

Kwa hiyo leo tuone kwa nini maji hubadilishwa, ili ujue mwenyewe lini inafaa na lini unapoteza nguvu bure.

Kwanza niseme wazi, maana watu wananielewa vibaya. Kama una shamba bondeni, au kibanja chenye migomba na udongo mzuri, huhitaji ndoo hizi kwa ajili ya sukuma wiki. Udongo wetu kuanzia Ngara mpaka Biharamulo bado unatosha kabisa kulisha mboga za nyumbani ukiwekewa samadi. Ndoo zinamfaa mwenye kiwanja kidogo mjini, mwenye duka pale Benaco au Rulenge, shule yenye ua wa changarawe, au mtu ambaye udongo wake umeshika mnyauko wa nyanya na kila msimu anavuna majani makavu. Hao ndio ninaowaandikia.

Mmea hauli kila kitu sawasawa

Watu wengi hufikiri maji ya mbolea yanapungua kama uji kwenye kikombe. Yakibaki nusu, basi na chakula kimebaki nusu. Siyo hivyo. Mizizi huchagua. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu huchukuliwa haraka sana. Kalsiamu, magnesiamu na salfa huchukuliwa polepole. Sodiamu na kloridi, ambazo huja na maji yenyewe hasa ya kisima kirefu, mmea karibu hauzigusi. Sasa wewe unaongeza maji ya mbolea kila yanapopungua, na kila ukiongeza vile vinavyopendwa vinaliwa, vile visivyopendwa vinabaki. Baada ya wiki kadhaa ndoo imejaa mabaki.

Hapa ndipo kipimo cha EC kinapomdanganya mtu. EC hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani wingi wa chumvi zote kwa pamoja. Hakijui kama hiyo chumvi ni naitrojeni au ni sodiamu. Unaweza kusoma 1.8, ukafurahi kwamba mambo ni mazuri, kumbe naitrojeni ilishaisha na majani ya chini yanageuka njano. Ukiona majani ya chini yanapoteza kijani wakati kipimo kinasema chakula kipo, usiongeze mbolea. Mwaga, anza upya. Hiyo ndiyo dalili ya uhakika zaidi kwa mkulima asiye na maabara.

Sababu ya pili ni hewa. Mizizi inapumua, na inapumua hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7.5, na hiyo ni usawa wa bahari. Kwenye miinuko yetu hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo ni pungufu ya hapo. Ndoo nyeusi iliyoachwa juani saa nane mchana inafika nyuzi 30 bila shida. Ongeza majani yaliyodondokea ndani, mwani, na mizizi iliyokufa, vyote vinaoza na kuoza nako kunakula oksijeni. Maji yanakuwa mazito, yananuka kama tope la bondeni, na kimelea cha kuozesha mizizi, kile kinachoitwa Pythium, kinapata nyumba.

Ndiyo maana mtu anakuambia "mmea unanyauka mchana na maji yapo tele". Haswa! Unanyauka kwa sababu mizizi imekosa hewa na haiwezi kunyonya. Na kosa linalofuata ni kuongeza maji zaidi, ambayo yanafunika hata ile mizizi michache iliyokuwa juu.

Hesabu moja inayosaidia

Kuna kanuni rahisi ambayo wakulima wa haidroponiki duniani kote wanaitumia, nami naipenda kwa sababu haihitaji mashine. Andika kila unapoongeza maji. Jumla ya ulichoongeza ikifikia ujazo wa maji ya ndoo, badilisha.

Tuifanyie kazi. Ndoo yako ya lita 20 unaiwekea lita 16 ili kuacha nafasi juu. Nyanya iliyokomaa, yenye matunda, siku za jua inaweza kunywa lita moja na nusu kwa siku, wakati mwingine hata mbili. Kumi na sita gawa kwa moja na nusu, unapata karibu siku 11. Basi nyanya kubwa, siku 10 hadi 12. Nyanya changa ambayo ndiyo kwanza imehamishiwa ndoo inakunywa kidogo sana, haina haja ya kubadilishiwa mwezi mzima wa kwanza. Sukuma wiki au chainizi yenye majani mengi, tuseme inakunywa nusu lita, unapata siku 32. Na saladi? Saladi moja hunywa lita 3 au 4 tu tangu kupandikizwa mpaka kuvunwa, wiki tano au sita. Kwa hiyo saladi kwenye ndoo ya lita 16 huibadilishii maji hata mara moja. Unavuna, unamwaga, unaosha, unapanda nyingine.

Umeona? Ile "kila wiki" unayoisikia kwenye video inatoka kwa watu wenye maji ya bomba na vyombo vidogo. Siyo uongo, ila siyo ya kwako. Kwa ndoo 10 zenye sukuma wiki na saladi, badala ya madumu 32 kwa mwezi unaweza kutumia manane ya kubadilisha, ukiacha yale ya kuongezea ambayo mmea ungeyanywa hata ungekuwa ardhini.

Chukua daftari la shule, kila ndoo ukurasa wake. Usipoandika utasahau, na kwenye kusahau ndipo watu wanapobadilisha kwa hofu tu.

Unapoongeza katikati, uongeze nini? Mwenye kipimo cha EC atazame hivi. Maji yamepungua na EC imepanda: mmea umekunywa maji kuliko chakula, ongeza maji matupu. Maji yamepungua na EC imeshuka: una njaa, ongeza maji ya mbolea. EC imesimama palepale: ongeza ya mbolea nusu nguvu. Nyanya ikae kati ya 2 na 3.5, saladi 0.8 hadi 1.2, sukuma wiki 1.5 hadi 2.5. Asiye na kipimo, na wengi hapa hawana, aongeze maji matupu mara mbili kisha mara ya tatu ya mbolea nusu nguvu. Siyo sahihi kwa asilimia mia lakini haiui mmea.

Ndoo isiyo na pampu: usiijaze mpaka juu!

Hapa naomba utulie, maana ndipo mimea mingi inapofia.

Wengi wenu hamna umeme wa kuaminika wa kuendesha pampu ya hewa, ile ya tangi la samaki. Mnatumia njia ya maji yaliyotulia, ambayo ilielezwa na mtafiti Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Siku ya kwanza maji yanagusa kitako cha kikombe chenye mche. Mmea unakunywa, maji yanashuka, na kati ya kifuniko na maji panabaki nafasi ya hewa yenye unyevu. Mizizi inayobaki kwenye hiyo nafasi inageuka, inaota vinyweleo vyeupe kama manyoya, inakuwa mizizi ya hewa. Ya chini inabaki ya maji. Mmea sasa una pua na mdomo.

Mkulima anakuja siku ya kubadilisha, anamwaga yale maji yaliyobaki robo, anajaza ndoo mpaka ilipokuwa siku ya kwanza. Anaona amefanya wema. Kesho mchana mmea umelala. Ameizamisha mizizi ya hewa, na ile haijui kuishi majini.

Ukibadilisha ndoo ya namna hii, weka alama kwa kalamu ya wino mzito pale maji yalipofika kabla hujamwaga, kisha rudisha maji mapya hapohapo, au juu kidogo tu, vidole viwili. Angalau theluthi moja ya mizizi ibaki hewani. Kama mmea ni nyanya na unahofia maji hayatatosha, dawa ni kuongeza kidogo kidogo kila siku, siyo kujaza. Na kusema ukweli nyanya kwenye ndoo ya lita 20 isiyo na pampu ni kazi ya kila siku. Mimi humshauri asiye na umeme abaki na mboga za majani kwenye maji yaliyotulia, nyanya azipande kwenye ndoo za kokoto nitakazozieleza hapo chini.

Mwenye pampu yeye anaweza kujaza mpaka juu kwa sababu hewa inapulizwa chini. Ila umeme ukikatika zaidi ya saa chache, apunguze maji kama robo ili mizizi ya juu ipumue. Hilo peke yake limeokoa mimea mingi.

Namna ya kumwaga bila kung'oa mmea

Fanya jioni, jua likishapoa, au alfajiri. Mizizi ikipigwa na jua la saa sita kwa dakika chache tu inakauka ncha, na ncha ndizo zinazonyonya.

Kwa mboga za majani njia nyepesi kuliko zote ni kuwa na ndoo moja ya ziada. Ijaze maji mapya kwanza, nyanyua kifuniko pamoja na mmea wake, hamishia kwenye ile ndoo mpya, basi. Sekunde kumi. Ndoo ya zamani unaimwaga na kuiosha kwa nafasi, inakuwa ya ziada kwa mmea unaofuata. Ndoo 10 unazimaliza nusu saa.

Nyanya iliyofungwa kamba juu huwezi kuinyanyua hivyo. Hapo tumia mpira wa maji, mita moja na nusu hivi. Ndoo iwe imekaa juu ya matofali mawili au matatu, maana maji yanashuka tu kwenda chini, hayapandi. Jaza mpira maji matupu, ziba ncha zote kwa dole gumba, ingiza ncha moja ndani ya ndoo mpaka chini, ncha nyingine ishushe kwenye dumu lililo ardhini, achia. Yatajivuta yenyewe. Tafadhali usivute kwa mdomo kama mafundi wanavyovuta petroli. Ni maji ya mbolea yale.

Mwenye uwezo aweke koki kabisa, siku anapotengeneza ndoo. Itoboe ubavuni sentimita 2 au 3 kutoka chini, tundu lilingane na koki, raba ndani na raba nje. Usiweke koki chini kabisa kwenye kitako, mashapo yataiziba na matofali yataivunja. Tundu safi ni la keekee. Msumari wa moto unafaa kwa dharura ila unaacha ukingo usio sawa na hapo ndipo panapovuja. Mashapo yanayobaki chini ya koki unayatoa mwisho kwa kuinamisha ndoo kidogo, mtu mwingine akiushika mmea.

Ukishamwaga, tazama mizizi. Hii ndiyo faida kubwa ya siku ya kubadilisha na wengi wanaipitia haraka. Myeupe au ya rangi ya maziwa: safi. Ya kahawia lakini migumu ukiishika, haina harufu: imechukua rangi ya mbolea, usihangaike. Ya kahawia, inateleza, ukiivuta ganda linatoka na kubaki uzi wa ndani, na inanuka: imeoza. Kata iliyooza kwa mkasi uliochemshwa, suuza iliyobaki kwa maji matupu, weka maji mapya ya nusu nguvu na uyaache pungufu ili hewa iwe nyingi. Kama zaidi ya nusu imeoza, ng'oa. Usihamishie mmea huo kwenye ndoo nyingine ukidhani unaupa nafasi. Utakuwa unawapa ugonjwa majirani zake.

Ndoo yenyewe, baada ya mavuno, isugue kwa sabuni, kisha jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, iache dakika kumi, suuza mara mbili tatu, anika juani. Jiki usiichanganye na siki wala na mabaki ya mbolea, hutoa moshi unaoumiza mapafu.

Maji mapya

Maji ya chemchemi ya asubuhi ni baridi, hasa mwezi wa sita na wa saba. Usiyamimine moja kwa moja kwenye mizizi iliyozoea maji ya uvuguvugu. Yaache kivulini mpaka jioni, ndo utumie. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku mmoja na mchana mmoja. Maji ya mvua ni mazuri kuliko yote, hayana chumvi, na sisi mvua tunayo kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi mpaka wa tano. Mwenye tangi alijaze kabla kiangazi hakijafika. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache iende zake, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati. Kitu kimoja tu kuhusu maji ya mvua: pH yake inayumba haraka kwa kuwa hayana chochote cha kuizuia, hivyo pima mara kwa mara. Tunataka 5.5 hadi 6.5. Siki ya kupikia hushusha pH lakini baada ya siku mbili tatu inarudi, maana bakteria wanaila.

Kuhusu mbolea nitasema machache, tayari tuna mada ndefu. Kwa lita 16 za mboga, gramu 10 za NPK inayoyeyuka yote, yenye potasiamu nyingi na virutubisho vidogo kama chuma na boroni, gramu 5 za magnesiamu salfeti, na gramu 10 za kalsiamu naitreti. Pima kwa mizani ndogo. Kizibo cha soda ni makisio tu. Yeyusha ya kwanza, kisha ya pili, kalsiamu iwe ya mwisho na maji yawe tayari yamejaa. Ukizikutanisha zikiwa nzito kwenye kopo moja utaona ukungu mweupe kama maziwa unashuka chini. Huo ni chakula kimegeuka chokaa, mmea hauwezi kukila tena.

UREA na CAN ziache shambani. UREA inahitaji bakteria wa udongo waigeuze, na ndoo safi haina hao wa kutosha. CAN ina chokaa inayobaki chini kama tope. Na samadi ndani ya ndoo, hapana, hata ukiichuja. Inaoza, inamaliza hewa. Najua mtu anataka kuokoa hela, ila hapo anaipoteza.

Ndoo za kokoto

Hizi ni tofauti kidogo. Ndoo inajazwa kokoto ndogo, mchanga mnene au maganda ya mpunga, mmea unamwagiliwa maji ya mbolea mara mbili tatu kwa siku, na tundu la kutolea maji liko ubavuni sentimita 4 au 5 kutoka chini. Hapo chini panabaki akiba kidogo, mengine yanatoka. Hakuna siku ya kubadilisha maji, kila siku unabadilisha kidogo. Weka kopo chini ya tundu: ukimwagilia lita moja, itoke kama mililita 150 hadi 200. Isipotoka kitu, chumvi inajikusanya ndani na utaona ukoko mweupe juu ya kokoto. Ikitoka nusu, unapoteza mbolea.

Mara moja kila wiki mbili tatu, asubuhi, mimina lita 5 za maji matupu polepole ili yaoshe chumvi, na siku hiyo usiweke mbolea mpaka jioni. Wakati wa kiangazi, ukoko ukionekana mapema, usingoje.

Kwa ndoo za maji zilizo nje, masika huleta shida ya kinyume. Mvua inaingia pembeni mwa kikombe, maji yanapanda yanazamisha mizizi, na mbolea inakuwa maji tu. Toboa tundu dogo la kupunguzia ubavuni, usawa wa maji unaoutaka, ulizibe kwa kipande cha chandarua. Chandarua siyo pambo. Kagera ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa sana na malaria, na ndoo wazi yenye maji yaliyotulia ni kitalu cha mbu. Yai la mbu huhitaji kama siku 7 mpaka 14 kuwa mbu anayeruka, hivyo ukikagua kila ndoo mara moja kwa wiki na kuziba kila upenyo, unamkatisha.

Maji ya zamani unayapeleka wapi?

Nimeliweka hili mwisho lakini ningeweza kulianza nalo.

Maji ya mbolea yanang'aa kama maji ya kunywa. Hayana rangi, na yakiwa mapya hayana harufu. Lita moja ya maji mapya ya ndoo hubeba naitreti kama miligramu 400 mpaka 700. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita. Kwa hiyo unazungumzia mara nane mpaka kumi na nne ya kikomo. Mtoto mchanga aliyekorogewa maziwa kwa maji ya namna hiyo damu yake inashindwa kubeba oksijeni, anageuka bluu midomoni, na anaweza kufa. Ng'ombe na mbuzi nao vilevile, tumboni mwao naitreti hugeuzwa kuwa sumu kali zaidi, na mbuzi anapenda ladha ya chumvi, ataitafuta ndoo hiyo mwenyewe.

Sasa fikiria nyumba yetu ya kawaida. Madumu yote ni ya njano, yote yamekaa mlangoni. Moja lina maji ya chemchemi, jingine lina maji yaliyotolewa kwenye nyanya. Mtoto ametoka shule ana kiu. Kwa hiyo dumu la maji ya mbolea lisiwe la njano, au lipake rangi nyekundu shingoni, lisitumike kwa kitu kingine milele, na lisilale na maji usiku. Ndoo zote ziwe na vifuniko vinavyobana. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama hata kwenye ndoo iliyojaa nusu.

Usimwage kwenye mtaro unaoshuka chemchemi au karibu na kisima. Naitreti haishikwi na udongo, inazama na maji mpaka chini. Sisi tunakaa vilimani na maji ya kunywa yako chini yetu, unachomwaga juu kinateremka.

Peleka kwenye migomba. Mgomba unapenda potasiamu kuliko karibu kila zao tulilonalo, na lita 20 za maji yaliyotumika zinaufaa. Zungusha: shina hili leo, lile mara ijayo, umwage kwa kuzunguka umbali wa hatua moja kutoka shinani, siyo palepale kila mara. Mahindi na miparachichi mikubwa pia yanafaa. Maharage usiyape hivihivi, hayavumilii chumvi. Changanya na maji matupu mara mbili ya hayo, au yaache kabisa. Miche ya kahawa kwenye kitalu usiipe kabisa.

Maji yaliyotoka kwenye ndoo yenye mizizi iliyooza yapeleke migombani tu, mbali na nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo, na dumu lililoyabeba lisuuzwe kwa jiki kabla ya kurudi kwenye ndoo nyingine.